Siku sita Dodoma na shangazi: kuanzia ofisi ya mtaa mpaka Jiji, mnadani na kurudi

Nimerudi Dar na ndo napata muda wa kukaa nikaandika. Nilikua najiandikia kwenye simu kila jioni, afu nina picha kibao za risiti, mabango ya ofisini na sahani za chakula, kwa hiyo nimezipanga kwa tarehe nikaona bora niweke hapa, maana kabla sijaondoka nilitafuta sana mtu aliyeandika jinsi ya kufuatilia mambo kwenye halmashauri ya Jiji nikakosa, kila mtu anakwambia tu "nenda Jiji". Jiji lipi sasa, dirisha gani, na uende na nini mkononi?

Shangazi yangu anaishi Dodoma, Nkuhungu, tangu enzi za manispaa. Alikua na mambo matatu yamemkalia kichwani. Kwanza kiwanja chake, kampuni iliyopima eneo lao (siitaji kwa jina) ilikosea herufi moja ya jina la ukoo, kwenye kitambulisho cha NIDA lina R kwenye karatasi za upimaji lina L. Pili kikundi chao cha kinamama nane wanaosaga siagi ya karanga kilikua kinataka mkopo wa halmashauri. Tatu leseni ya biashara, wote walikua wanaambiwa siku hizi ni mtandaoni na hakuna hata mmoja mwenye kompyuta. Akanipigia akasema mama, njoo na hiyo laptop yako. Nikaomba likizo nikaenda.

Siku ya 1, Jumanne 15 Julai 2025

SGR (ile treni ya umeme) kutoka Dar, daraja la kawaida, nauli 31,000. Kwa atakayekuja: fika stesheni mapema kweli kweli, mizigo inapita kwenye mashine, jina kwenye tiketi linalinganishwa na kitambulisho, na muda ukifika milango inafungwa. Mbele yangu kulikua na kaka mmoja ana picha tu ya kitambulisho kwenye simu akawa anahangaika, sikujua aliishia wapi.

Kitini nilikaa na mzee mmoja anarudi Kikuyu, si ile ya Kenya, Kikuyu ya Dodoma. Akanipa ndizi mbili na stori ya saa tatu nzima. Aliniambia mwaka 1973 ilivyotangazwa makao makuu yahamie Dodoma yeye alikua kijana na ndo mwaka huo ikaundwa CDA, yaani mamlaka ya kuustawisha mji wa makao makuu, na mpaka leo wazee wakiongelea kiwanja wanasema "kiwanja cha CDA" japo CDA yenyewe ilivunjwa Mei 2017 kazi zake zikaenda kwa halmashauri. Hati za CDA zilikua za miaka 33, baada ya kuvunjwa ikaelekezwa watu wapewe za miaka 99 kama kwingine. Ndo nikaelewa kwa nini pale Idara ya Ardhi inabeba mzigo ambao idara ya ardhi ya mji mwingine haina. Tukapita mahandaki ya Kilosa, giza, mwanga, giza, watoto wanapiga kelele, mzee anaendelea tu na CDA yake.

Nimefika jioni, upepo na baridi. Jamani Julai Dodoma beba sweta. Boda mpaka Nkuhungu 4,000. Shangazi kapika ugali wa uwele na mlenda, nililala saa tatu.

Siku ya 2, Jumatano

Tulivyoamka mi nilishavaa niende Jiji moja kwa moja. Shangazi akakataa, akasema tunaanza kwa mtendaji wa mtaa, maana hakuna mtu atakusikiliza huko juu kama mtaani kwako hawakujui. Na alikua sahihi kabisa, kila kitu tulichofanya wiki nzima kilidai barua ya mtaa.

Ofisi ya mtaa ni chumba kimoja, meza mbili, kabati la mafaili na ramani ya mtaa iliyochorwa kwa mkono ikabandikwa ukutani na namba za nyumba za zoezi la anwani za makazi la 2022. Mtendaji ni dada mdogo tu, ukimuona barabarani unadhani mwanafunzi wa chuo. Akasimama kumpokea shangazi kwa heshima yote, "Shikamoo mama, karibu, kaa hapa hakuna upepo." Wakati tunasubiri barua zichapwe kaingia baba mmoja na ugomvi wa mpaka, wakaingia vijana wawili wanataka barua ya kufungulia akaunti benki, akaja binti anataka utambulisho wa kwenda kutibiwa, akaja mzoa taka kuuliza njia ipi gari litapita. Yote hayo ndani ya saa moja na yupo mwenyewe. Dodoma Jiji ina kata 41 na mitaa 222, kwa hiyo zidisha chumba kile mara 222 ndo upate picha ya serikali ya mji ilivyo kwa chini.

Barua tatu: ya kiwanja, ya kikundi, ya leseni. Hatukulipa hata shilingi. Kutoa kopi stationery ya jirani 100 kwa karatasi, passport size 3,000. Kijana wa stationery alipoona vyeti vya shangazi vimeanza kuchanika akavitia gundi ya plastiki bure, akasema bibi hivi ni vya kutunza.

Mchana tukaenda ofisi ya kata kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Hapa ndo pana utamu. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo imegawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya, na Dodoma Jiji iko kwenye zile halmashauri 10 zilizochaguliwa kujaribu kupitisha hela benki, kwa hiyo usishangae utaratibu wa Dodoma usipofanana na wa kwenu. Afisa akakaa na kinamama wote nane, sio shangazi tu, akawauliza mmoja mmoja: unafanya nini kwenye kikundi? Karanga mnanunua wapi? Gunia linatoa chupa ngapi? Mama mmoja akajibu kwa Kigogo na afisa akamjibu kwa Kigogo hicho hicho, wote wakacheka, hofu ikaisha. Akawaambia andiko lenu ni zuri ila hesabu ya mashine haina ankara, nendeni mkaombe bei kwa wauzaji wawili mrudi Ijumaa.

Kwa vikundi: mnatakiwa kuanzia watu watano, muwe mmesajiliwa halmashauri, muwe na akaunti ya kikundi, na muhtasari wa kikao mlichokubaliana kuomba, umesainiwa na wote. Kikundi cha shangazi kilikua na kila kitu isipokua huo muhtasari, tukauandika palepale chini ya mwarobaini, mi naandika wao wanasema, na yule ambaye hajui kusoma tulimsomea wote mara mbili kabla hajaweka dole gumba. Picha hiyo ninayo na ndo naipenda kuliko zote.

Siku ya 3, Alhamisi

Ofisi za Jiji. Tulifika saa moja na nusu asubuhi na tulikuta watu washakaa. Nimesoma takwimu za sensa nikaelewa kwa nini, 2012 pale palikua na watu 410,956, sensa ya 2022 ni 765,179. Wizara zimehamia, vyuo, wafanyabiashara, kila mtu anataka kiwanja, na kaunta ya ardhi ndo inaliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mapokezi wakatuuliza shida, wakatupa namba. Jirani yangu kwenye benchi mama wa Iyumbu na folda tatu, akaitazama yetu akasema mwanangu hapo hauna kiapo. Kweli, hatukua na hati ya kiapo inayosema majina mawili ni ya mtu mmoja. Kosa langu hilo, shangazi aliniuliza usiku kama tumekamilisha nikamwambia ndiyo. Akatuelekeza kwa wakili mtaa wa pili, tukaenda kwa mguu, 20,000, nusu saa, tukarudi na yule mama alikua ametushikia zamu. Namba yetu ilishapita ila alimwambia yule kaka wa kaunta hawa walikua hapa kabla yangu, akamwacha shangazi aingie kwanza. Sijui jina lake. Popote alipo Mungu ambariki.

Afisa aliyetupokea alifungua ramani kwenye kompyuta, akatuonesha kiwanja cha shangazi kwa namba ya kitalu, akaweka kidole kwenye skrini: hiki hapa, hii ndo barabara iliyopangwa, hili eneo la wazi msije mkajenga. Shangazi alikua hajawahi kukiona kiwanja chake kutoka juu. Alikaa kimya muda. Akauliza, "Na pale kwenye mti wangu wa mkungugu?" Afisa akakuza picha mti ukaonekana, kidoa cheusi. Akasema huo uko ndani, mama, ni wako.

Kuhusu jina: barua ya mtaa, kiapo, kopi ya NIDA, mkataba wa mauziano, barua ya maombi ya kurekebisha. Wakapokea, wakagonga muhuri kopi yetu, wakasema jina likisharekebishwa itatengenezwa kontroli namba ya malipo na ujumbe utakuja kwenye simu. Nawasihi sana, usiondoke dirishani bila kopi yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usimpe mtu hela mkononi, malipo ni kwa kontroli namba tu, unalipa kwa simu au benki na risiti inakuja yenyewe.

Tukiwa pale nje nikasoma ubao mkubwa wa idara na vitengo nikaupiga picha. Afya, ustawi wa jamii na lishe. Elimu ya awali na msingi, sekondari peke yake. Kilimo, mifugo na uvuvi. Viwanda, biashara na uwekezaji. Taka na usafi wa mazingira. Na vingine. Lakini jua pia visivyokuwepo: barabara za mitaa tangu 2017 ziko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), maji ni DUWASA, barabara kuu TANROADS. Kuna baba alikaa tangu asubuhi analalamikia kalavati lililobomoka kwao, alipofika dirishani wakamwelekeza TARURA, na kaka wa mapokezi akatoka naye mpaka getini akampandisha bajaji akamwelekeza dereva. Mitaro na baadhi ya barabara tulizoona zinachimbwa ni mradi wa TACTIC, ule wa kuboresha miundombinu ya miji, ambao uko kwenye halmashauri 45 nchi nzima, hapo napo halmashauri na TARURA wanafanya pamoja, ndo maana watu wanachanganyikiwa.

Chakula mchana wali maharage na mchicha 2,500 kwa mama lishe wa jirani. Usiku shangazi hakulala vizuri, anawaza ule mti.

Siku ya 4, Ijumaa

Asubuhi tulirudi kata na ankara mbili za mashine ya kusagia, dakika kumi kazi imeisha, maombi yakaingizwa kwenye mfumo. Baada ya hapo yanapitia kamati ya kata kabla ya kwenda Jiji.

Afu tukaenda soko la wazi la Machinga, barabara ya Bahi. Rafiki ya shangazi ana kizimba pale na ndo wanapouzia zile chupa za karanga. Hili soko mi nilikua nalisikia tu. Paa kubwa refu, vizimba vimepangwa kwa bidhaa, mitumba huku, viatu huku, chakula kule mwisho. Siku hiyo kulikua na meza ya maafisa biashara wanasajili watu leseni kwenye Tausi, ile portal ya TAMISEMI, na foleni yake ilikua fupi kuliko nilivyotegemea. Nikatoa laptop yangu nikajaza ya shangazi mwenyewe pembeni yao, inataka namba ya NIDA na TIN (namba ya mlipakodi), nilipokwama kwenye aina ya biashara (usindikaji na kuuza sio kitu kimoja) afisa akaniambia chagua hii, ukichagua ile utalipa kwa kitu usichofanya. Watu wawili nyuma yangu wakaomba niwajazie na wao, nikawajazia, nikajikuta nimejaza za watu saba mpaka chaji ikaisha na kijana wa kuuza simu akanipa waya wa umeme wake bila kunidai.

Upande wa chakula maafisa afya walikua wanapita. Wauza chakula wote wanatakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita na kuwa na cheti. Nilimuangalia dada mmoja wa afya, mkali kwa maneno machache, anafunua ndoo ya maji ya kunawa, anaangalia wanapomwaga maji machafu, anauliza cheti. Mama mmoja cha kwake kilikua kimepita wiki mbili. Sikuona akipigwa faini, aliandikiwa karatasi aende kituo cha afya kesho yake na simu ya afisa juu yake. Nimekula kwa yule mama chapati na mchuzi, 2,000, na chai yake ya tangawizi ni tamu sana, na Jumatatu shangazi kaniambia cheti kipya kishabandikwa ukutani.

Kwa atakayetaka karanga, maziwa ya mtindi au zabibu: Julai zabibu ni chache na bei iko juu, wenyeji wanasema subiri Agosti kuendelea.

Siku ya 5, Jumamosi

Msalato! Mnada wa Jumamosi. Daladala kutoka mjini, ikajaa, mbuzi mmoja juu ya keria. Vumbi tupu ila ndo raha yake. Wagogo na Wamasai na watumishi wa wizarani na suti zao za jana wote wako kwenye moshi mmoja wa nyama. Mbuzi kilo 12,000 ya kuchomwa, tulikua wanne tukachukua kilo mbili na ugali na kachumbari.

Hata hapa Jiji lipo. Kabla nyama haijafika jikoni kuna afisa mifugo anakagua na kugonga muhuri, nilimkuta anafungua ini la ng'ombe kwa kisu anaangalia kama kuna minyoo, sehemu mbovu anaikata anaitupa, mwenye nyama ananung'unika na yeye anaendelea. Kule kwenye zizi wanaouza ng'ombe wanakatiwa ushuru na mashine ya POS na wanaosafirisha wanaandikiwa kibali. Babu mmoja alikua hajui kusoma risiti, kijana wa ushuru akamsomea kwa sauti, ng'ombe wawili, kiasi fulani, babu akaitikia "mbukwa", salamu ya Kigogo, akaikunja akaitia kwenye kofia.

Jioni tukapita Nzuguni maana mume wa mmoja wa kinamama ni kibarua kwenye mabanda ya Nanenane. Mwaka huo sherehe za kitaifa zilikua pale pale Dodoma na watu wa kilimo walikua wanamwagilia vipando, mtama, alizeti, mboga za kila aina, kwenye ardhi ambayo nje ya uzio ni kavu kama majivu. Mabwana shamba wawili wamevaa gambuti saa kumi na mbili jioni bado wanapalilia. Waliwaita kina shangazi wakawaonesha aina ya karanga inayokomaa mapema wakawapa mbegu kiganja kimoja kimoja.

Siku ya 6, Jumapili

Kurudi nilichukua basi, treni ya muda niliotaka ilikua imejaa. Kwa hiyo kata tiketi ya treni ya kurudi siku ileile unayokata ya kwenda. Stendi kuu ya Nanenane ni kubwa, safi, soko la Ndugai liko hapohapo jirani kama unataka kubeba viazi na vitunguu vya njiani. Nauli ya basi 30,000.

Tairi lilipasuka kabla ya Gairo. Tumekaa pembeni ya barabara kwa muda wa saa mbili na nusu, basi silitaji. Mama wa nyumba iliyokua karibu alileta jagi la maji na vikombe vitatu tukawa tunapokezana, watoto wake wakaleta mahindi ya kuchoma, aliyekua na hela alitoa na asiye nayo alikula. Nilifika Mbezi saa nne usiku.

Baada ya kurudi

Jumla yangu nauli, boda, kopi, kiapo na chakula haikufika 180,000, kulala na kula usiku ilikua kwa shangazi.

Leseni imetoka. Mkopo wa kikundi umepita kata, uko Jiji, wanasubiri kuitwa benki. Jana shangazi kanitumia ujumbe wa sauti, kwanza unasikia kuku, afu upepo, afu yeye anasoma taratibu sana meseji ya kwenye simu yake, kontroli namba yote tarakimu kwa tarakimu, na jina lake lilivyoandikwa. Alipofika kwenye R akaisoma mara mbili.